Chumba cha chini ya nyumba: Mtaji uliolala au mzigo wa riba?

SAFU hii imezoea kuwaletea wasomaji bei za korosho, kahawa na hisa. Wiki hii tunashuka ngazi na kuingia mahali ambapo wafanyabiashara wengi hawapahesabu kuwa ni mali, yaani chumba cha chini ya nyumba, ambacho mafundi wa mjini hukiita besmenti. Swali letu ni la kibiashara. Familia yenye chumba cha namna hiyo kikiwa bado zege tupu, je, ina mtaji uliolala unaongoja kuamshwa, au ina shimo la kumeza fedha?

Swali hili linawagusa wasomaji wetu kwa njia ya ndugu zao. Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia Minnesota, Ohio, Michigan na majimbo mengine ya kaskazini ya Marekani hununua nyumba ambazo nyingi zina besmenti, na mara nyingi besmenti hiyo haijamaliziwa. Mwaka wa pili au wa tatu baba na mama wanaanza kufikiria kuigeuza iwe sebule ya pili, mahali pa watoto kucheza na wageni kukaa bila kuogopa kuchafua makochi. Fedha inayotakiwa ni ile ile ambayo ingenunua kiwanja Kigamboni au kuongeza bidhaa katika duka la ndugu aliyebaki nyumbani. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa usiku, na kila upande una hoja zake.

Nia yetu ni kuwapa wote wawili hesabu moja ya kujadili.

Kwa nini chumba hicho kipo

Besmenti za kaskazini ya Marekani zimeletwa na baridi. Ardhi ikiganda, maji yaliyomo hutanuka na kuinua chochote kilichojengwa juu yake. Kwa hiyo msingi wa nyumba sharti ushuke chini ya kina ambacho ardhi huganda. Katika jimbo la Minnesota, kanuni za ujenzi zinadai msingi ushuke inchi 42 sehemu za kusini na inchi 60 sehemu za kaskazini, yaani kuanzia mita moja hadi mita moja na nusu. Mjenzi akishachimba kiasi hicho, kuongeza kina kidogo na kupata sakafu nzima hakumgharimu sana. Texas, ambako ardhi haigandi kwa kina kikubwa, nyumba nyingi hukaa juu ya zege lililolala ardhini. Ndiyo maana jamaa wa Houston hana habari na mambo haya, ilhali jamaa wa Minneapolis anayo kila siku.

Mjenzi huiacha besmenti bila kuimalizia ili bei ya nyumba isipande sana. Mnunuzi anapata msingi, kuta za zege na paa la juu vikiwa vimekwisha kulipiwa. Kilichobaki ni sura ya ndani. Kwa mwenye kupima gharama, hapo ndipo penye mvuto, kwa kuwa futi moja ya mraba ya kumalizia chini kwa kawaida ni nafuu kuliko futi moja ya kuongeza chumba kipya pembeni, ambako utalipia msingi, kuta na paa upya.

Aidha, kuna haja ya kijamii. Pwani ya kwetu baraza iko nje, na mgeni hukaa hapo bila kusumbua watu wa ndani. Mwezi Januari Minneapolis hakuna wa kukaa nje. Familia isiyo na baraza hujibana sebuleni kwa miezi mitano, watoto na wageni na televisheni mahali pamoja. Haja hiyo ni ya kweli, nayo ina bei yake.

Soko linarudisha kiasi gani

Chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba wa Marekani hutoa taarifa kuhusu matengenezo ya nyumba na fedha inayorudi wakati wa kuuza. Katika taarifa ya mwaka 2022, kugeuza besmenti kuwa sehemu ya kuishi kulikadiriwa kugharimu dola 57,500 na kurudisha dola 49,250, sawa na asilimia 86. Taarifa ya mwaka 2025 ilishusha kiwango hicho hadi asilimia 71.

Takwimu hizo ni wastani wa nchi nzima, na nyumba ya jamaa yako si wastani. Hata hivyo, zinatufundisha jambo moja kubwa. Kati ya makadirio hayo mawili hakuna lililofika asilimia 100. Anayesema kuwa besmenti "inajilipa yenyewe" anauza kitu. Ukweli ni kwamba sehemu ya fedha inarudi na sehemu inaliwa na familia kwa njia ya starehe. Hakuna ubaya katika kula, mradi ujue unakula kiasi gani.

Tufanye mfano. Familia inatumia dola 30,000 na kukaa katika nyumba hiyo miaka 10. Kwa kiwango cha asilimia 71, wakati wa kuuza zinarudi dola 21,300. Zilizoliwa ni dola 8,700, na ukigawanya kwa miezi 120 unapata dola 72 na nusu kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya baraza. Familia inayokutana humo kila jioni inaweza kuona ni rahisi. Familia inayopanga kuuza nyumba baada ya miaka 2 italipa zaidi ya dola 360 kwa mwezi kwa chumba kile kile. Kadiri unavyokaa muda mrefu, ndivyo kodi hiyo inavyopungua.

Mthamini haoni unavyoona wewe

Wasomaji wenye kuwekeza katika nyumba wazingatie jambo hili, kwa sababu limewakwaza wengi. Tangu tarehe 1 Aprili 2022, Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji wa Marekani, linawataka wathamini wapime nyumba kwa kanuni iitwayo ANSI Z765. Kwa kanuni hiyo, eneo lolote ambalo sakafu yake iko chini ya usawa wa ardhi, hata kwa upande mmoja tu, halihesabiwi katika eneo la kuishi la nyumba. Linaandikwa peke yake na kupewa thamani yake peke yake, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kwa kila futi.

Maana yake ni hii. Mwenye nyumba ya futi za mraba 1,500 juu na futi 700 chini asijidanganye kuwa akimalizia chini atauza nyumba ya futi 2,200. Atauza nyumba ya futi 1,500 yenye besmenti iliyomaliziwa. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuwa maelfu ya dola.

Kanuni hiyo hiyo inasema eneo lililomaliziwa ni lile lenye kuta, sakafu na dari zinazofanana na za nyumba yote. Wako wanaopaka rangi nyeusi mbao na mabomba ya juu na kuyaacha wazi badala ya kupiga dari. Ni nafuu, na chumba kinabaki na kimo. Lakini mthamini anaweza kukataa kukiita chumba kilichomaliziwa. Kama lengo ni familia kukaa, hilo si tatizo. Kama lengo ni kuuza, uliza kwanza.

Maji kabla ya makochi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika besmenti methali hiyo ichukuliwe neno kwa neno. Fedha nyingi zinazopotea humo hupotea kwa maji, wala si kwa bei ya vifaa.

Kazi ya kwanza iko nje. Mifereji ya paa iwe mizima na mabomba yake yamwage maji mbali na ukuta. Udongo unaozunguka nyumba uteremke kwenda nje, na kipimo cha kanuni ni inchi 6 katika futi 10 za mwanzo. Kazi hiyo ni ya sepetu na toroli, nayo huponya besmenti nyingi zinazodhaniwa kuwa na msingi mbovu.

Ndani kuna kipimo cha bei ya senti. Chukua kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, kiache siku mbili tatu. Ukikuta maji chini ya nailoni, unyevu unatoka ndani ya zege. Ukikuta maji juu yake, ni hewa ya chumba yenye unyevu inayokutana na sakafu baridi, na mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha. Rudia kipimo hicho majira ya mvua na theluji inapoyeyuka. Mwenye haraka ya kupiga zulia mwezi Agosti ndiye anayeling'oa mwezi Aprili.

Mwezi Juni 2021 mvua kubwa ilijaza maji katika maelfu ya besmenti za Detroit na miji jirani kama Dearborn. Wengi waligundua siku hiyo bima yao inasema nini. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko ya maji ya juu ya ardhi. Maji taka yanaporudi kupitia bomba la sakafuni, malipo hupatikana tu kwa aliyeongeza kipengele hicho na kukilipia. Hata bima ya mafuriko ya serikali ya Marekani ina mipaka chini ya nyumba. Hulipia vitu kama tanuri la joto na hita ya maji, lakini hailipii zulia wala kuta zilizomaliziwa za besmenti. Mwekezaji asome mkataba huo kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi.

Hewa na njia ya kutokea

Kuna gesi iitwayo radoni. Haina rangi wala harufu, nayo hupanda kutoka ardhini na kuingia kwa nyufa za zege. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu nchini humo baada ya sigara, na inakadiria vifo 21,000 hivi kwa mwaka. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba 2 katika kila 5 zilizopimwa jimboni humo zina kiwango cha hatari. Kiwango cha kuchukua hatua ni pikokuri 4 kwa lita ya hewa. Kifaa cha kupimia ni cha bei ndogo. Dawa yake ni bomba na feni ya kuvuta hewa ya chini ya zege na kuitoa juu ya paa. Lipa gharama hiyo kabla ya kupiga kuta, maana kupitisha bomba baadaye ni kubomoa ulichojenga. Chumba ambacho watoto watakaa saa tano kwa siku hakistahili kuachwa bila kupimwa.

Jambo la pili ni moto. Kanuni ya mfano ya ujenzi wa nyumba inayofuatwa katika majimbo mengi inataka besmenti ya kukaliwa iwe na mlango au dirisha la kutokea. Dirisha liwe na uwazi wa futi za mraba 5.7, upana usipungue inchi 20, kimo kisipungue inchi 24, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kila chumba cha kulala nacho kiwe na njia yake. Anayemlaza mgeni katika chumba chenye kidirisha cha juu kisichopitisha mtu anahatarisha roho ya mgeni, na wakati wa kuuza hataruhusiwa kukiita chumba cha kulala.

Kimo cha dari kwa kawaida kinatakiwa futi 7. Pima kutoka zege hadi chini ya mihimili kabla ya kufikiria lolote. Sakafu na dari zote mbili hula inchi, na chumba kinachoonekana kirefu leo kinaweza kukosa kipimo kesho.

Mpangilio wa kazi

Fundi mwenye uzoefu hufuata mpangilio usiobadilika. Kwanza kibali na mchoro. Pili maji na radoni. Tatu povu gumu la kuzuia baridi hubandikwa moja kwa moja kwenye ukuta wa zege, ili hewa yenye joto isikutane na zege baridi na kutoa maji. Sufi ya kioo ikigusana na zege hunywa unyevu na kuota ukungu. Nne mbao za mbili kwa nne husimamishwa, na ule ubao unaolala sakafuni uwe umetiwa dawa ya kuzuia kuoza. Tano nyaya za umeme, kisha mkaguzi aje aone kabla ya kufunika. Sita mbao za jipsamu, zikiachwa nusu inchi juu ya sakafu ili zisinyonye maji. Mwisho rangi, sakafu na taa.

Sakafu za plastiki ngumu zinazoungana kwa kubana huvumilia unyevu kuliko mbao halisi. Vigae vya zamani vya kabla ya miaka ya 1980, hasa vile vya inchi 9 kwa 9, vinaweza kuwa na asbesto. Visivunjwe wala kukwanguliwa kabla ya kupimwa.

Tanuri la joto na hita ya maji visifungiwe katika kichumba kisicho na hewa. Vinahitaji hewa ya kuwakia, na fundi anahitaji nafasi ya kuvifikia. Weka ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksaidi.

Upande wa vyombo ndipo familia inapoweza kuokoa sana. Baraza haihitaji baa ya marumaru wala viti vya sinema. Kochi la zamani lililoshushwa kutoka juu, mkeka mpana, meza ya bao au karata, rafu za vitabu na taa za kutosha vinatimiza kazi. Choo ndicho kinachopandisha bili kwa haraka, kwa kuwa huenda zege likakatwa ili mabomba yapite. Mwenye kipato cha kawaida akiahirishe, ila amwambie fundi aache nafasi yake.

Kukopa au kudunduliza

Turudi kwenye dola zetu 30,000. Tuseme familia inazikopa kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 10. Malipo ni kama dola 364 kwa mwezi, na mwishoni watakuwa wamelipa karibu dola 43,680. Riba peke yake ni dola 13,680. Ongeza zile 8,700 ambazo soko halitarudisha, unapata dola 22,380. Kodi ya baraza imepanda kutoka dola 72 na nusu hadi zaidi ya dola 186 kwa mwezi. Chumba hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ya kulipa.

Fedha taslimu nazo si za bure. Dola 30,000 zikiwa benki kwa asilimia 3 zingezaa dola 900 mwaka wa kwanza. Dukani Kariakoo zingeweza kuzaa zaidi, au kupotea zote. Anayepinga ujenzi ana haki ya kutaja faida hiyo iliyoachwa, na anayetaka kujenga hana budi kuijibu kwa namba.

Njia ya katikati ni kudunduliza kwa awamu. Mwaka wa kwanza maji, radoni na dirisha. Mwaka wa pili kuta na umeme. Mwaka wa tatu sakafu na rangi. Kila awamu ilipiwe kwa fedha iliyopo mkononi. Ubaya wake ni kuchelewa, na kibali kinaweza kuisha muda kikahitaji kuombwa upya. Uzuri wake ni kwamba awamu ya kwanza inailinda nyumba yote, hata kama ya pili na ya tatu hazitafika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti zitunzwe zote. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, gharama za kuboresha nyumba huongezwa kwenye bei ya ununuzi wakati wa kukokotoa faida ya mauzo. Wengi hawatadaiwa kitu, kwa kuwa mtu mmoja husamehewa faida hadi dola 250,000 na mume na mke wanaowasilisha pamoja hadi dola 500,000, wakiwa wametimiza masharti ya kumiliki na kuishi humo. Lakini nyumba zinapanda bei, na risiti haidai chakula. Kumbuka pia kuwa kibali huweza kumfanya mkadiriaji wa kodi ya majengo aongeze thamani ya nyumba. Wako wanaokwepa kibali kwa sababu hiyo, na siku ya kuuza mnunuzi huwapunguzia bei kwa kiasi kikubwa kuliko kodi waliyoikwepa.

Somo kwa wa huku nyumbani

Msomaji wa Dar es Salaam asiseme mambo haya hayamhusu. Katika miji ya milimani kama Mwanza, nyumba nyingi zilizojengwa kwenye mteremko zina nafasi chini yake, na kanuni ni zile zile za maji kwanza, hewa na njia ya kutokea pili, mapambo mwisho.

Ila tutofautishe kumalizia chumba kilichopo na kuchimba kipya chini ya jengo lililosimama. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Baadhi ya watu wa eneo hilo waliviambia vyombo vya habari kuwa kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa imeanza. Fremu moja Kariakoo ina kodi kubwa, na kishawishi cha kupata nafasi zaidi chini kinaeleweka. Lakini kugusa msingi ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na ni ya kibali. Mpangaji anayeona uchimbaji chini ya duka lake asingoje kuambiwa. Aulize kibali kiko wapi, na asipoonyeshwa atoke yeye kwanza, bidhaa baadaye.

Kwa ndugu wa Minneapolis na mwenzake wa Kariakoo wanaobishana kwa simu, ushauri wetu ni huu. Kama familia itakaa nyumba hiyo miaka 7 au zaidi, besmenti ni kavu kwa misimu yote minne, na fedha haitoki kwenye mkopo wa riba kubwa, jenga, lakini jenga baraza, usijenge hoteli. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, nunua nailoni na utepe, pima unyevu, pima radoni, na fedha iliyobaki iende mahali inapozaa.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za mazao.